Tarehe Thelathini

Programu ilifunguka, ikaonyesha ua lake la buluu, ikajifunga. Fuatino akaibonyeza tena. Ua, kisha giza. Mara ya tatu hata ua lenyewe halikumaliza kuchanua.

"Mama, usiibonyeze hivyo," Lagi alisema kutoka mlangoni, mkoba wa shule begani. "Utavunja kioo."

"Kioo si tatizo, mwanangu."

Tatizo lilikuwa mkononi mwa Lagi, chini kidogo ya bega la kushoto: kidude cha duara, kipana kama kifuniko cha chupa, kilichobandikwa kwenye ngozi. Kila baada ya dakika tano kidude kilisoma sukari ya mtoto na kuirusha kwenye simu, na programu ndiyo iliyoigeuza kuwa namba na mshale. Namba ikishuka chini ya nne, simu ilipiga kelele hata kama umeizima sauti. Kwa miaka miwili Fuatino alikuwa akipata usingizi kwa sababu ya kelele hizo. Sasa kidude kilikuwa kinasema peke yake, wala hapakuwa na wa kukisikia.

Na kosa ni lake. Jumatano alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa kanisa, ambako mtandao ni wa bure, akisubiri Lagi amalize mazoezi. Ujumbe uleule uliomsumbua mwezi mzima ukaja tena: mfumo mpya wa simu uko tayari, je, unakubali? Akakubali, ili ujumbe unyamaze. Simu ilijizima, ikajiwasha, ikarudi na herufi nzuri zaidi na picha zinazong'aa. Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa kile kimoja.

Tangu hapo alikuwa amejaribu yote. Alizima, akawasha. Aliifuta programu, akaipakua upya, akaandika jina la mtoto, uzito, tarehe ya kuzaliwa, akabonyeza "endelea", ikafa pale pale. Aliwaandikia wenye programu, huko nchi za mbali. Walimjibu kwa adabu: *Hatujapokea malalamiko kama haya kutoka kwa mteja mwingine yeyote. Tafadhali zima simu yako, kisha uiwashe.*

Asubuhi hiyo ya Ijumaa alitumia kijikaratasi cha mwisho cha kupimia damu kidoleni. Kumi na nne. Juu mno. Vingine vingeingia duka la dawa Jumatatu, na muuguzi wa zahanati ya kijiji alikuwa amekwenda kumzika mjomba wake kisiwa cha pili. Fuatino akamwongezea mtoto insulini kidogo, kwa kukisia, kama mtu anayetia chumvi gizani.

"Leo twende wote mjini," akasema. "Hospitali watakupima, mimi nitengeneze simu."

"Mtoto haendi popote," sauti ikatoka nyuma ya pazia. Mama mkwe wake, Tautala, alitokea akiwa na gauni jeupe la Lagi mikononi, sindano na uzi vikining'inia pindoni. "Keshokutwa ni Jumapili ya Watoto. Akikosa mazoezi ya leo, mke wa mchungaji atampa mtoto wa akina Leutu aya zake za kusema kanisani. Unataka nikae kiti cha mbele niangalie mtoto wa Leutu?"

"Mama, simu haisomi sukari."

"Mimi nimelea watoto saba bila simu. Hakuna hata mmoja aliyelia kama king'ora."

"Hawakuwa na ugonjwa huu, Mama."

"Hatukuwa na ugonjwa huu kwa sababu tulikula majimbi na shelisheli, si hivi vyakula vya makopo." Akamvisha Lagi gauni juu ya sare, akaanza kupima pindo kwa vidole. "Simama wima, wewe. Nenda, Fuatino. Nenda na simu yako. Mtoto nitamtazama mimi."

Lagi alimtazama mama yake kupitia kwapa la bibi yake, akageuza macho kwa mzaha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na aya kumi na mbili kichwani. Fuatino angeweza kukataa. Lakini mume wake alikuwa Australia akichuma matunda ya watu, nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na katika nyumba ya watu hata kikohozi hukohoa kwa adabu.

"Kula chakula chote cha mchana," alimwambia mtoto. "Chote. Usikie?"

"Nimesikia."

"Na ukijisikia kutetemeka..."

"Nitakula peremende. Mama, nenda."

* * *

Duka kubwa la simu mjini Apia lilikuwa na baridi kama chumba cha maiti. Kijana wa kaunta aliichukua simu, akaigeuza, akaitazama mgongoni kwanza kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama, hii ni ya zamani."

"Imefanya kazi mpaka Jumatano."

"Ndivyo zinavyofanya. Zinafanya kazi mpaka zinaacha." Alisema kwa sauti ya kusikika foleni nzima, na foleni ikatabasamu. "Tunazo mpya, tala elfu moja na mia nne tu. Au umpelekee shangazi aliye Auckland salamu, akutumie nyingine. Si ndivyo mnavyofanya?"

"Hii ndiyo aliyonitumia."

Foleni ikacheka waziwazi. Fuatino akahisi uso ukimwaka. Mwanaume mmoja nyuma yake alimgusa kiwiko, akamwambia polepole, "Dada, nenda kwa Ruta. Nyuma ya duka la vitambaa, karibu na soko la samaki. Alikuwa fundi wa kompyuta benki. Ana mdomo, lakini anajua."

Ruta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, miwani mbili: moja machoni, moja kichwani. Meza yake ilijaa simu zilizofumuliwa matumbo. Hakuuliza bei ya simu wala umri wake.

"Inakufa ukifanya nini?"

"Nikiifungua."

"Siku ya kwanza ilikufa hivyohivyo?"

"Ndiyo. Nikaifuta, nikaiweka upya. Sasa inanikubalia niandike habari za mtoto, halafu nikibonyeza kuendelea, inakufa."

"Ahaa." Ruta alivuta kiti kwa mguu. "Keti. Watu wote huniletea simu wakasema 'imekufa, imekufa'. Hakuna anayeniambia marehemu alikuwa akifanya nini. Wewe umeniambia."

Akaunganisha simu na kompyuta yake kwa waya. Kwenye kioo ikamwagika mistari na mistari ya maandishi. "Programu ikifa," Ruta alieleza bila kugeuka, "simu huandika maneno yake ya mwisho. Hakuna anayeyasoma. Iue tena."

Fuatino akaiua. Ruta akasoma. "Iue tena." Akaiua. Saa ya ukutani ikaingia nane, ikaingia kumi. Wateja wakaja, wakafokewa, wakaondoka. Ruta alibadilisha lugha ya simu, ikafa. Alibadilisha uzito wa mtoto, ikafa. Alibadilisha jina akaandika jina lake mwenyewe, ikafa.

"Mimi pia imenikataa," akasema. "Basi si jina."

Kisha aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mtoto alizaliwa lini?"

"Tarehe thelathini Desemba, elfu mbili na kumi na moja."

Ruta akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Dada, hiyo siku haikuwepo. Umesahau? Mwaka ule serikali ilituhamisha upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule unaotenganisha leo na kesho. Tulilala Alhamisi ya ishirini na tisa, tukaamka Jumamosi ya thelathini na moja. Ijumaa iliruka. Nchi hii nzima hakuna aliyefanya dhambi siku ile, maana haikuwepo."

"Ilikuwepo Pago Pago," Fuatino akasema. "Wale wa visiwa vya ng'ambo wana serikali yao, hawakuhama. Nilikuwa kwa dada yangu, uchungu ukanikamata kule. Nilizaa Ijumaa, saa nne asubuhi. Nina cheti."

Walitazamana. Ruta akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichoitikisa meza na simu zake zote, halafu kikamkatikia njiani.

"Bwana wee. Simu yako inajua iko Apia. Inaambiwa, nihesabie tangu siku hii. Inaitafuta siku kwenye kalenda ya Apia, haipati. Mfumo wa zamani ulikuwa mpole, ulisogea tu siku ya pili ukaendelea. Huu mpya ni mkali. Usipoikuta siku, unajiua." Alifuta macho. "Ndiyo maana hakuna mteja mwingine anayelalamika. Duniani pengine mtoto ni huyo mmoja."

Fuatino hakucheka. Kule shuleni walikuwa wakimwita Lagi mtoto wa siku ya bure. Fuatino alikuwa amezoea kulijibu hilo. Lakini kulisikia likitoka ndani ya mashine kulimtia baridi mgongoni, kana kwamba kuna mahali mtu amefungua daftari, akapitisha kidole, asimwone mwanawe.

"Tutafanyaje?"

"Andika thelathini na moja."

"Nimwandikie mwanangu siku ambayo hakuzaliwa?"

"Programu haimbatizi mtu, dada. Andika."

Aliandika. Akabonyeza "endelea". Ua la buluu likachanua lote, likafifia, na nyuma yake ukafunguka ukurasa mweupe aliokuwa hajauona kwa siku mbili. Fuatino alishika ukingo wa meza.

Mahali pa namba palikuwa na vistari viwili. Chini yake: *Kidude hakipo karibu.*

"Kiko wapi?" Ruta akauliza.

"Mkononi mwa mtoto. Nyumbani. Ni lazima simu iwe karibu naye, hatua kumi hivi."

"Basi kwa nini bado umekaa?"

Fuatino alikuwa tayari anapiga namba ya nyumbani. Simu iliita sana kabla Tautala hajaipokea, na nyuma yake kulikuwa kimya, kimya cha nyumba iliyofagiliwa.

"Mama, Lagi yuko wapi?"

"Amelala. Amerudi mazoezini, akasema kichwa kinamuuma, akalala. Jua lilikuwa kali, na wamecheza ile ngoma ya watoto mara nne."

"Alikula mchana?"

"Kidogo. Alitapika. Gauni limepona, Mungu mkubwa."

"Mama, mwamshe. Mwamshe sasa hivi, mpe sukari. Mpe soda, asali, chochote kitamu."

"Sukari?" Tautala alishusha sauti, kama mtu anayezungumza na mgonjwa wa akili. "Fuatino. Mtoto ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi umesema mwenyewe sukari iko juu. Nimpe sukari tena, nimuue? Mwache alale, usingizi ni dawa."

"Mama, insulini imeishusha, sikiliza..."

Salio likaisha. Ruta akamsukumia simu yake mwenyewe, Fuatino akapiga, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Tautala hakuwa akipokea namba asizozijua. Alisema ni za matapeli.

"Nikulipe nini?"

"Utanilipa kwa kubadilisha tarehe moja? Ondoka!"

* * *

Basi la mwisho lilivuka mlima kwa gia ya kwanza. Fuatino alikaa na simu mapajani, kioo kikiwa wazi, vistari viwili. Dereva alisimama kumshusha mtu na gunia la majimbi. Akasimama kumngoja mtu aliyekuwa bado anafunga mlango wa nyumba yake. Fuatino alitaka kupiga kelele, lakini basi zima lilikuwa likizungumza habari za magauni meupe, na yeye akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, la Lagi limekwisha kushonwa.

Walipofika mwanzo wa kijiji, baragumu lilikuwa limekwisha kulia.

Ilikuwa saa ya sala. Kando ya barabara wanaume walikuwa wamejipanga, kila mmoja na lavalava, shuka ya kiunoni, ya rangi moja na wenzake, mikono nyuma, nyuso zimekazwa. Kwa robo saa hiyo, mpaka baragumu la pili, hakuna gari litakalopita wala mtu atakayetembea. Kila nyumba iko magotini. Dereva alizima injini, akavua kofia. Nyimbo zilikuwa zikipanda kutoka kila paa.

Fuatino akashuka.

"Shemeji." Aliyemzuia ni Filipo, binamu wa mumewe, mkuu wa walinzi wa sala. Alisema kwa mnong'ono. "Kaa chini. Hapo hapo kwenye nyasi."

"Filipo, niache nipite. Lagi ni mgonjwa."

"Robo saa tu, shemeji. Mungu hatachelewa kwa robo saa."

"Sukari yake inashuka. Amelala, na huo si usingizi."

"Umejuaje? Umetoka mjini." Alitazama kulia na kushoto, wenzake walikuwa wakitazama. "Mwezi uliopita nilimzuia mchungaji mwenyewe. Nikikuachia wewe watasema ni kwa sababu ni ndugu. Nitalazimika kukuandika. Faini itaenda kwa Mama Tautala, mbele ya baraza."

"Andika," Fuatino akasema, akatembea.

Hakukimbia. Aliogopa kwamba akikimbia watamshika. Alitembea katikati ya barabara tupu, ndara zake zikipiga lami pa, pa, pa, katikati ya nyimbo, na katika kila nyumba vichwa vilivyoinama viligeuka kidogo. Mtoto mmoja alimwonyesha kidole, akapigwa kibao. Filipo alikuwa nyuma yake, hatua tano, akirudia kwa mnong'ono, "Shemeji. Shemeji, tafadhali."

Vistari viwili. Mti wa shelisheli. Vistari viwili. Ukuta wa mawe, kaburi la baba mkwe, kamba ya nguo na gauni jeupe likining'inia. Vistari viwili. Akaweka mguu uani.

Simu ikapiga yowe.

Sauti ile ilikata wimbo wa nyumba tatu. Mbili nukta nne, na mishale miwili ikielekea chini.

Ndani, Tautala alikuwa amepiga magoti, kitabu cha nyimbo mkononi. Nyuma yake Lagi alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mdomo wazi, nywele zimegandana kwa jasho kama aliyetolewa mtoni. Fuatino alimwita. Alimpiga shavu. Jicho moja likafunguka nusu, jeupe, likafungwa.

"Asali! Mama, asali iko wapi?"

Tautala alitazama simu inayolia, akamtazama mjukuu wake. Midomo yake ilikuwa bado inamalizia ubeti. "Nilidhani amelala," akasema. "Nilimfunika."

"Asali!"

Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kusimama wakati wa sala alisimama. Chupa ilimponyoka, akaiokota, akashindwa kuifungua. Filipo, aliyekuwa amekwama kizingitini, akaingia na lavalava yake ya ulinzi, akaipokonya, akaifungua kwa meno. Fuatino alimlaza mtoto ubavu, akachovya kidole, akamsugua ufizini, ndani ya shavu, taratibu, asije akapaliwa. Kidole, asali. Kidole, asali.

"Gari," akasema bila kuinua kichwa. "Hospitali, Filipo. Gari lolote."

Filipo akatazama nje, barabara tupu, wenzake wamejipanga, baragumu la pili bado. Kisha akakimbia. Walisikia miguu yake ikipita mbele ya nyumba ya mchungaji, mbele ya nyumba za wazee wote, na mtu mmoja akimwita kwa hasira kwa jina lake la ubatizo.

"Nishikie simu, Mama. Nisomee."

Tautala akaishika kwa mikono miwili, mbali na uso, kama kitu cha moto. "Mbili nukta tatu."

Kidole, asali.

"Inabadilika lini?" mama mkwe akauliza.

"Baada ya dakika tano."

Dakika tano za kijiji kizima kikiimba. Tautala hakuimba. "Mbili nukta mbili," akasema, na sauti yake ikapasuka. "Fuatino, inashuka. Unampa na bado inashuka."

"Kidude kinachelewa kusoma. Endelea kusoma."

Koo la Lagi likasogea. Lilimeza. Fuatino akahisi ulimi, mdogo na mkavu, ukikitafuta kidole chake, kama alivyokuwa akitafuta ziwa siku zile za mwanzo.

Gari la kubebea mizigo liliingia uani kinyumenyume, Filipo akining'inia ubavuni. Wakamlaza mtoto nyuma, juu ya magunia, kichwa mapajani mwa mama yake. Tautala akapanda bila kusaidiwa, miguu mitupu, gauni la sala limekunjwa magotini. Walipofika kwenye mstari wa walinzi, hakuna aliyeamuru; wanaume walirudi nyuma mmoja mmoja, wakakanyaga majani, gari likapita. Baragumu la pili lilikuwa halijalia.

"Mbili nukta nane," Tautala akasoma.

"Nata," Lagi akasema. Ilikuwa kama pumzi tu. "Mdomo... unanata."

"Nyamaza, meza," mama yake akamwambia, machozi yakimdondokea mtoto kwenye paji la uso.

Barabara ilianza kupanda mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kingo, na taa za gari zilionyesha hatua chache tu mbele. Hospitali ilikuwa mbali. Tautala alikuwa ameinama juu ya simu, akiikinga upepo kwa kifua chake.

"Tatu nukta moja. Na mshale umelala." Akainua uso. "Ukilala maana yake nini?"

"Haishuki, haipandi. Maana yake tunasubiri, Mama."

"Basi tusubiri." Fuatino alinyoosha mkono aichukue simu, lakini mama mkwe wake akaisogeza upande wa pili. "Mshike mtoto wewe. Hii nitasoma mimi."